Mkanda Wenye Vitanzi Viwili

Alama ilikuwa mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiganja, nyembamba na nyekundu, imezunguka mkono mzima. Fundi aliiona pale mke wake alipoinua kikombe cha chai. Alimaliza kola iliyokuwa chini ya sindano, akakata uzi kwa meno, akalikunja shati la watu na kuliweka pembeni, ndipo akauliza kwa sauti ya mtu asiyejali.

"Hiyo nini?"

"Nini?"

"Hiyo ya mkononi."

Mkewe akautazama mkono wake kama vile ni wa jirani. "Aa, hii? Itakuwa saa."

"Saa gani? Wewe una saa?"

"Ya kuazima, baba watoto. Ya kuhesabia dakika tukikimbia." Akashusha mkono wa sweta, akanywa chai yake haraka haraka, akasema anachelewa kazini.

Alikuwa anafanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka kutwa nzima. Miezi minne nyuma daktari mmoja alikuwa amewapima presha watumishi wote, akawatisha vizuri, na kesho yake wakaunda klabu ya kukimbia. Fundi alicheka siku hiyo mpaka akashika ubavu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemshonea mkewe suruali ya kukimbilia, akamtania kwamba kiuno hicho kitawashinda wasimamizi wa mbio kukipitisha barabarani. Majirani nao wakampachika jina, Mama Raba, kwa vile viatu vyake vya kijani. Nyumba nzima ilicheka.

Sasa Fundi hakuwa anacheka tena. Mama Raba alikuwa anaamka kabla ya jogoo wa jirani, mara nne kwa wiki, anatoka akinyata. Kiuno kilikuwa kimepungua inchi tatu. Fundi hakuhitaji kupima, alikuwa anajua mwili ule kuliko kitambaa chochote kilichowahi kupita mikononi mwake. Wengine wa klabu walishaacha zamani, kila mmoja na kisingizio chake, goti, mvua, mtoto. Mkewe hakuacha. Akiosha vyombo alikuwa anaongea peke yake kwa sauti ya chini, "Kulia. Kulia kidogo. Tuta. Sasa." Fundi akitokea mlangoni, ananyamaza.

Jioni ya siku ile ile ya alama, mkewe alirudi na kitu ndani ya mkoba. Alikitoa, akakiweka juu ya meza ya cherehani bila kumtazama machoni.

"Nisaidie hii kabla ya Jumapili. Imeanza kuachia."

Ulikuwa mkanda mfupi wa kitambaa kigumu, kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Kila ncha ilikuwa na kitanzi. Kitanzi kimoja kilikuwa kimelegea pale kiliposhonewa.

"Ya nini?"

"Ya begi."

"Begi gani lina mshipi wa namna hii?"

"Begi la mtu wa kazini. Jamani, si ushone tu? Kila kitu siku hizi mpaka niandike barua ya maelezo?"

Akaingia jikoni. Alikuwa amefungua mdomo kama anataka kuongeza neno, na kama angeongeza, hadithi hii isingekuwepo. Lakini alijifunza zamani kwamba yapo mambo ambayo humo ndani hayatajwi. Mojawapo lilikuwa la Mwalimu, fundi mzee aliyemfundisha mumewe kazi. Mwalimu alipoishiwa uwezo wa kushona, mwanafunzi wake aliichukua cherehani yake kwa bei ya kuokota, akachukua na wateja wake, akaahidi kwenda kumwona kila mwisho wa mwezi. Alikwenda mara mbili. Tangu hapo mtu akilitaja jina la Mwalimu, Fundi anaacha hata chakula, anatoka nje na kusimama uani kama mwenye kesi.

* * *

Dada mkubwa wa Fundi alikuwa na kibanda cha kutoa kopi na kuchapa barua, mitaa miwili kutoka pale. Alikuwa mwanamke wa miwani mikubwa na maneno makubwa zaidi. Fundi alikwenda kwake kesho yake kwa kisingizio cha kutoa kopi ya kitambulisho, akakaa kwenye benchi la wateja, akakaa, akakaa.

"Kitambulisho kiko wapi?" dada akauliza.

"Nimekisahau."

"Haya, sema kilichokuleta. Uso umekuvimba kama wa mtu mwenye jino."

Akasema. Alisema alama, alisema inchi tatu, alisema kunyata, alisema mkanda wa begi lisilokuwepo. Alipofika kwenye yale maneno ya kuosha vyombo, dada akaacha kupanga karatasi.

"Kulia, tuta, sasa? Anasema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Hiyo lugha yao, mdogo wangu. Watu wakiwa na siri wanakuwa na lugha." Akavuta kiti mbele ya kompyuta. "Wale wa mbio wanaweka matokeo. Mkeo alivaa namba gani?"

"Mia mbili kumi na nne. Namba wanakaa nazo msimu mzima, yake imebandikwa ukutani chumbani."

Orodha ikafunguka. Majina hawakuweka, ni namba, muda, na alama ya mwanamume au mwanamke. Dada akashuka na kidole kwenye kioo mpaka akaipata 214, mwanamke, saa moja na dakika kumi na mbili na sekunde nne. Kidole chake hakikuondoka. Mstari wa chini yake palikuwa na 215, mwanamume, saa moja na dakika kumi na mbili na sekunde nne.

"Bahati tu," Fundi akasema.

"Ngoja." Dada akafungua mbio za mwezi uliotangulia. 214 na 215, sekunde ile ile. Akafungua za kwanza kabisa. 214 na 215, sekunde ile ile. "Watu mia sita wanakimbia, hawa wawili wanaingia pamoja mara tatu? Mimi na marehemu shemeji yako tulikaa ndoa miaka ishirini hatukuwahi hata kuingia dukani pamoja."

"Pengine anamsindikiza tu."

"Anamsindikiza kwenda wapi? Na walikwenda kujiandikisha pamoja, ndiyo maana namba zimefuatana. Huoni?" Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga. "Mimi siku ile ile niliyoviona vile viatu vya kijani nilisema moyoni, hapa pana mtu. Wewe ulikuwa unacheka."

Mteja aliingia na barua ya kuomba kazi, akabaki amesimama nyuma yao akisikiliza kwa heshima zote, na Fundi akaona aibu mpaka masikioni.

"Jumapili kuna mbio tena, nenda ukaone kwa macho yako," dada akasema, sasa kwa kunong'ona. "Usikae pale mwanzo wala mwisho, kuna watu wengi. Kaa kule kilomita ya nane, kwenye mteremko. Mtu akishachoka haigizi. Na ukishaona, usiwe mwanamume wa kulia lia. Sanduku lake liwe mlangoni, akirudi alikute."

* * *

Ijumaa mchana, mke akiwa kazini, Fundi aliuchukua ule mkanda na kuuweka chini ya taa ya cherehani. Alitoa futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake, ile ile aliyoanzia nayo kazi, iliyong'oka bati la ncha miaka mingi iliyopita. Akapima kitanzi kidogo pale jasho lilipoacha mstari. Inchi sita na robo. Mkono wa mkewe. Aliupima mwaka waliooana, akamshonea gauni lenye mikono ya kubana, na tangu siku hiyo, miaka kumi na minane, mwanamke yule alikuwa anavaa anachoshonewa na mumewe bila hata kugeuza upande wa ndani kutazama.

Akapima kitanzi cha pili. Mstari wa jasho pale ulisoma inchi nane kasoro. Akapima tena akiomba futi iwe imekosea. Futi haikuwa imekosea. Huo ulikuwa mkono wa mwanamume, tena mwanamume mrefu, mwenye mifupa mipana.

Akauvaa. Mkono wake mwenyewe uliogelea mle ndani. Akaingiza mwingine kwenye kitanzi kidogo, akakaa hivyo, mikono miwili imeunganishwa kwa kipande cha kitambaa, na hapo akaelewa alama nyekundu ilitoka wapi. Mke wake alikuwa anafungwa mkono na mwanamume, alfajiri, mahali asipopajua, kisha anarudi kunywa chai. Fundi aliumia. Alikuwa na hasira pia, lakini kilichokuwa mbele ni maumivu, na maumivu yale yalimfanya aone aibu kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Angeweza kuutupa ule mkanda. Angeweza kuushika mkononi na kumngoja mkewe amweleze. Badala yake alifanya jambo ambalo ni fundi wa nguo tu angelifikiria. Alifumua mshono wa zamani wote, wa kitanzi kikubwa, akautoa nyuzi moja moja. Kisha akachukua sindano ya mkono na kupiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikizia kitambaa kabla ya mshono wenyewe, ambayo fundi huifumua mwishoni kwa kuvuta kwa kidole kimoja. Akapiga bandi kwa uzi wa rangi ile ile ya mkanda, akakunja pindo juu yake, akapiga pasi ya moto mpaka kitanzi kikalala sawasawa. Kwa macho ilikuwa kazi nzuri kabisa.

"Ukatike mbele yake," alisema kwa sauti, peke yake mle chumbani. "Tuone mtashikana na nini."

Mkewe aliporudi aliuchukua, akasema asante, akautumbukiza kwenye mkoba bila kuutazama.

* * *

Jumapili mkewe alitoka kukiwa bado giza. Fundi alijifanya amelala. Alipousikia mlango, aliamka, akateremsha sanduku kutoka juu ya kabati, akapanga nguo za mkewe moja baada ya moja. Alizikunja vizuri, kwa kuwa mikono yake haikujua kukunja vibaya, na nyingi alizishona mwenyewe. Akaliweka sanduku chumba cha mbele, pembeni ya mlango. Halafu akatoka.

Kwenye mteremko wa kilomita ya nane palikuwa na meza ya maji, watu wachache wenye filimbi, na mfereji wa maji ya mvua uliojengewa ukingo wa saruji. Kijana mmoja mwenye filimbi alimtazama kutoka juu hadi chini, akaangua kicheko.

"Mzee, umekuja kumpima nani?"

Fundi akashika shingo. Futi ilikuwa inaning'inia. Alikuwa ameivaa bila kujua, kama kila asubuhi. Akasogea mbali na yule kijana, akasimama nyuma ya nguzo ya taa.

Wakapita wenye kasi, wembamba, hawatazami mtu. Wakapita wa katikati wakihema. Kisha akaviona viatu vya kijani vikishuka mteremko, na kando yake mwanamume mrefu mwenye kofia na miwani nyeusi, na kati ya mkono wake wa kulia na mkono wa kushoto wa mkewe, ule mkanda. Walikuwa wanapiga hatua moja, mguu kwa mguu. Mkewe alikuwa anazungumza mfululizo, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Fundi hakukiona nyumbani siku nyingi, furaha ya mtu mwenye kazi anayoiweza. Sasa nimeona, akasema moyoni, sasa yamekwisha.

"Kulia kidogo," mkewe alikuwa anasema. "Hapo hapo. Mbele kuna tuta. Tatu, mbili, sasa!"

Mwanamume akanyanyua miguu, akaruka tuta. Alinyanyua juu mno, juu kuliko mtu anayeliona.

Fundi alikuwa bado hajaliweka hilo kichwani pale mkimbiaji mmoja mwenye vitu vya muziki masikioni alipotaka kupenya katikati ya wale wawili. Mkanda ulimkamata kifuani, ukavutika. Fundi alisikia uzi ukiachia. Kwenye kelele zote zile za filimbi, yeye alisikia, maana ni sauti aliyoisikia kila siku ya maisha yake. Yule wa muziki akaendelea zake. Mkanda ukabaki unaning'inia kwa mkewe, na mwanamume mrefu akaenda mbele peke yake, mkono ameunyoosha, kitanzi kitupu kikizunguka kwenye mkono wake.

"Uko wapi?" akaita. "Uko wapi?"

"Simama! Mwalimu, simama!"

Mteremko haukumruhusu kusimama. Alikanyaga hatua nne, tano, akaikumba meza ya maji, akaanguka kwa magoti na viganja kwenye ukingo wa saruji. Vikombe vikatawanyika.

"Huyu vipi, si aangalie mbele?" mtu mmoja akafoka. "Kalewa nini?" akasema mwingine, na msichana wa meza ya maji akacheka. Miwani nyeusi ilikuwa imeruka pembeni. Mzee akainua uso, na msichana akayaona macho yake yaliyofunikwa na utando mweupe. Kicheko kikakatikia njiani.

Fundi alitoka nyuma ya nguzo bila kujijua. Alikuwa anaitazama mikono. Uso ulikuwa umekonda na ndevu zimekuwa nyeupe, lakini mikono ilikuwa ile ile mipana, na kidole cha kati kilikuwa na kovu la sindano iliyowahi kupita ukucha mpaka upande wa pili. Siku ile ya sindano yeye Fundi ndiye aliyekuwa amesukuma gurudumu la cherehani kabla ya wakati.

Mkewe alikuwa amepiga magoti, anafuta damu kwa fulana yake. "Umeumia wapi? Kunja goti. Linakunjika?"

"Linakunjika. Ni ngozi tu. Kimetokea nini? Mkanda umekatika?"

"Umefumuka. Sijui imekuwaje, juzi tu umeshonwa."

Mwalimu akakivua kitanzi mkononi, akakishika kwa vidole vyote kumi. Kidole gumba kikapita pale mshono ulipokuwa, kikasimama, kikarudi, kikapita tena polepole.

"Nani alishona?"

"Mume wangu."

Mzee akatikisa kichwa. "Hapana," akasema. "Huyo nilimfundisha mimi. Huu si mkono wake. Atakuwa alimpa mtu wa kujifunza."

Mkewe akainua kichwa kutafuta maji, akamwona mumewe. Alikuwa hatua mbili tu kutoka kwao. Alimtazama usoni. Akatazama kitanzi kwenye vidole vya mzee, nyuzi ndefu zikitoka nje. Akamtazama tena mumewe, na Fundi akaona jinsi kila kitu kilivyokuwa kinapangika machoni mwa mkewe, kimoja baada ya kingine.

Alichoweza ni kuvua futi shingoni na kuinyoosha. Mkewe aliipokea bila kumgusa vidole, akaikunja mara mbili, akafunga ncha moja kwenye mkono wa Mwalimu na nyingine kwenye wake.

"Umepata nini hicho?" mzee akauliza huku akiinuka. "Nani kakupa?"

"Mtu tu, Mwalimu," mkewe akasema. "Mtu wa njiani."

Wakaondoka. Mzee alikuwa anachechemea hatua za kwanza, kisha mwendo ukarudi. "Kushoto," sauti ya mkewe ikasikika, "njia iko wazi mpaka chini."

* * *

Fundi aliokota kitanzi kilichoachwa na kile kipande cha mkanda alichokitupa mkewe, akavitia mfukoni. Alizunguka njia za nyuma mpaka mwisho wa mbio, akapita kwenye hema la huduma ya kwanza akiuliza kama kapita mzee asiyeona. Nesi alimjibu kwamba walifika, walimaliza, wakakataa kusubiri foleni. "Yule mama kasema kwake ni karibu, anakwenda kumwosha vidonda nyumbani."

Hapo ndipo alipolikumbuka sanduku.

Yeye hakuwahi kukimbia tangu shule. Alikimbia. Alikimbia na ndala, tumbo likitangulia, mkono mmoja umeshikilia suruali. Alikata uwanja, akapita nyuma ya soko, akawapita watoto waliokuwa wanampigia makofi wakidhani ni mshiriki aliyepotea njia. "Mzee, kaza! Bado kidogo!" Kifua kilikuwa kinawaka. Alikuwa anaomba jambo moja tu, awatangulie, alivute lile sanduku chumbani, alisukumie chini ya kitanda. Mengine angeyasema baadaye, maneno angeyapata.

Lakini alikuwa anashindana na Mama Raba. Alipofika mlango ulikuwa wazi. Mwalimu alikuwa amekaa pembeni ya mlango, magoti yamefungwa kitambaa safi, medali shingoni, na alichokalia kilikuwa lile sanduku. Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na beseni la maji yenye damu.

"Pumzi za nani hizo?" Mwalimu akauliza.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Najua ni wewe. Nauliza za nini. Unafukuzwa?"

Fundi akakaa chini pale pale sakafuni. Mzee akagonga sanduku kwa vidole. "Mkeo aliniambia nikae. Nikashika nikaona ni sanduku, tena limejaa. Nikamuuliza, mnasafiri? Akaniambia nikungoje, utanijibu wewe."

Mkewe aliweka beseni chini, akafunga mikono.

"Nilidhani," Fundi akaanza. "Nilidhani ana mwanamume. Nilipima kitanzi nikaona mkono wa mwanamume. Namba zenu zinaingia pamoja. Sikujua ni wewe. Angeniambia ni wewe..."

"Ningekuambia saa ngapi?" mkewe akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilikuambia mara moja tu, nimemwona Mwalimu kliniki, anatembea ameshika ukuta kwa sababu daktari kamwambia sukari yake inataka mazoezi na hana wa kumshika mkono. Uliacha chai ukatoka. Ulimaliza saa nzima uani unatazama kamba za nguo. Baada ya hapo ningekuambia saa ngapi?"

Mwalimu akatia mkono mfukoni, akatoa futi iliyokunjwa vizuri.

"Kule barabarani nilidanganya," akasema. "Nilisema si mkono wako. Wewe ukipiga bandi, kila mshono wa tano unarudi nyuma. Nilikuchapa rula mwaka mzima kwa hilo, hukuacha. Na futi hii haina bati, niliijua kabla sijasimama." Akainyoosha mahali alipozisikia pumzi. "Nilimdanganya mkeo ili amalize mbio. Basi. Usije ukafikiri nilikuwa nakuficha wewe."

Fundi akaipokea. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

"Mkanda unao?"

"Ninao."

"Kaa kwenye mashine."

Akakaa kwenye ile cherehani ambayo kanyagio lake lililika kwa mguu wa mtu mwingine kabla ya wake. Akafumua mabaki ya bandi, akakunja kitanzi, akashona. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Unakimbilia wapi? Taratibu. Rudia."

Akarudia.

"Sasa piga msalaba, mishono ikatane. Hapo panapovutika. Rudia tena."

Akarudia tena, mpaka sindano ikawa inapita kwa shida. Alipokata uzi, Fundi akainuka akampelekea mkewe mkanda kwa mikono miwili.

"Jumanne mkikimbia hamtapata shida," akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtoto, "Sanduku nilirudishe juu ya kabati?"

"Liache hapo hapo," mkewe akasema. "Nataka niwe naliona."

Akauchukua mkanda, akaenda nao dirishani penye mwanga. Akageuza upande wa ndani. Akaanza kwenye kitanzi kikubwa, mshono wa kwanza, akaubonyeza kwa ukucha, akausogeza, akaubonyeza wa pili. Hakuwahi kukagua kazi ya mumewe miaka kumi na minane. Sasa alikuwa anakagua mshono mmoja mmoja, wala hakuwa na haraka, na Fundi alisimama katikati ya chumba akimngoja amalize.